Mimea ya kuelea imefika imelegea: niitupe au niingoje?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Niko Tabata, nina tangi la futi nne lenye samaki wadogo wa gapi. Niliagiza mimea ya kuelea kutoka Nairobi: frogibiti ishirini na konzi moja ya ile yenye mizizi myekundu. Mzigo ulikuja kwa basi, ukalala njiani, nikaupokea stendi ya Mbezi siku ya tatu. Majani mengi yalikuwa ya njano na mizizi imekatika. Nikaiosha bombani, nikaimwaga tangini, nikarudisha kifuniko cha kioo. Leo siku ya nne majani yanakuwa kama nailoni, ukiyagusa yanateleza kama mlenda. Naona na vikonokono vidogo. Jirani ananiambia nitie kijiko cha NPK. Je, nimeuziwa mimea iliyokufa? Nitie hiyo mbolea?

JIBU: Dada yangu, mbolea usitie. Iache huko huko kwa jirani, nitaieleza mbele. Kwanza kafunue hilo tangi, halafu urudi tuendelee.

Umefunua? Sasa chukua frogibiti moja, ile uliyoikatia tamaa kabisa, uiweke kiganjani. Yaondoe majani yote yaliyogeuka nailoni. Yatatoka yenyewe, hayahitaji mkasi. Angalia pale katikati ambapo majani na mizizi vinakutana. Mimi napaita kitovu. Pabonyeze kidogo kwa ukucha. Pakiwa pagumu, pana rangi ya kijani au nyeupe, na pamechomoza kitu chenye ncha kama punje ya mchele, mmea huo ni mzima hata kama hauna jani hata moja. Pakibonyea, pakatoa maji ya kahawia na harufu ya yai viza, huo ndio wa kutupa. Fanya hivyo kwa zote ishirini. Sitashangaa ukibaki na kumi na mbili au zaidi.

Majani ya zamani usiyahesabu. Yaliota katika maji mengine, chini ya taa nyingine, kisha yakakaa siku tatu gizani ndani ya mfuko wenye joto. Mmea ukifika ugenini huwa unayaacha yafe na kutumia akiba yake kuchipua mengine yanayofaa maji yako. Wengi wanaona hayo majani yanakufa, wanatupa kila kitu siku ya tano, na laiti wangesubiri hadi ya kumi.

Ila kwako kuna jambo la ziada, na hili halimhusu muuzaji. Mmea wa kuelea unaishi juu ya maji, lakini kinachouua upesi ni kulowa mgongo, yaani upande wa juu wa jani. Jani la mpapai lina vitundu vya kupumulia upande wa chini. Jani la frogibiti, kwa kuwa tumbo lake limelalia maji, limeweka vitundu hivyo juu. Ndiyo maana upande wa juu unang'aa kama umepakwa nta, tone likidondoka linateleza, na upande wa chini una sponji ya hewa ya kulibeba jani. Salvinia, mmea mwingine wa kuelea, imekwenda mbali zaidi: mgongo wake una vinywele vinavyozuia maji yasiguse kabisa ngozi ya jani. Mgongo ukikaa umelowa, hewa haiingii, na jani ambalo tayari limechoshwa na safari linaanza kuoza. Wewe umeilowesha mara tatu: bombani, wakati wa kuimwaga, na usiku kucha chini ya kile kioo, ambako mvuke unapanda, unageuka maji, unadondoka tone tone juu yake.

Sikucheki. Miaka ya nyuma nilipewa tangi la ofisi moja mjini, nikafungua mzigo saa kumi na moja jioni nikiwa na haraka ya kuwahi gari, nikaumwaga wote chini ya mdomo wa filta, nikafunika vizuri na kuondoka. Niliporudi siku ya nne, maji yalikuwa na utando kama uji uliopoa na samaki wanahema juu. Nililipa mimea hiyo mfukoni mwangu.

Sasa hospitali yake. Tafuta beseni pana la plastiki, uteke maji kutoka tangini mwako, kina cha kama shubiri moja kinatosha. Maji ya tangi lenye samaki ni bora kuliko maji mapya kwa sababu yana naitreti kidogo, ambayo ni chakula cha mmea, na hayana klorini. Ukikosa, kinga maji ya bomba uyaache wazi kwenye ndoo siku nzima ndipo uyatumie. Maji ya kisima siyaamini, hasa kwa sisi wa Dar es Salaam ambako visima vingi ni vya chumvi. Yaonje tu: ukisikia chumvi ulimini, mmea utaisikia mizizini. Ya mvua ni mazuri, ila hayana chakula chochote, kwa hiyo changanya nusu kwa nusu na ya tangi.

Suuza kila mmea kwa kuushika mgongoni na kuichezesha mizizi tu ndani ya maji. Mizizi ya kahawia iliyolegea ikate, uache kama sentimita mbili, myeupe usiiguse. Kisha ulaze juu ya maji, mmoja mmoja, tumbo chini. Kazi hii inachosha lakini ndiyo tiba yenyewe. Mmea uliopinduka haujigeuzi. Kama mgongo una matone, upulize au uguse kwa ncha ya karatasi ya chooni. Usiirundike, kila mmoja uwe na nafasi yake ya kuguswa na hewa.

Ile yenye mizizi myekundu, ambayo kwa jina la kitaalamu ni Phyllanthus fluitans, itakusumbua zaidi. Ni laini na shina lake linakatika ovyo njiani. Lakini kipande chochote chenye jani moja zima na kifundo cha shina kinaweza kuanza upya, kwa hiyo usitupe vijipande. Na ikirudi ikiwa ya kijani badala ya nyekundu, usiseme umedanganywa. Wekundu unakuja na mwanga mkali na uhaba wa naitrojeni. Kwenye kivuli itabaki kijani na afya yake tele.

Beseni likae barazani, penye mwanga mwingi lakini si jua la kuchoma. Jua la asubuhi hadi saa tatu halina neno. Jua la saa nane mchana, hasa Januari hadi Machi, litageuza beseni kuwa sufuria. Tumbukiza mkono: ukisikia maji ni ya vuguvugu la kuogea, sogeza kivulini. Nyuzi 24 hadi 28 ndizo zinazoifaa. Ukiliweka ndani chini ya taa, saa nane kwa siku zinatosha kwa wiki ya kwanza. Usilifunike, na usiweke pampu ya hewa, maana viputo vinarusha matone mgongoni.

Hapo nakusikia ukiuliza kuhusu mbu. Ni swali la haki. Mbu wa dengi anazaa katika vyombo kama hivyo hivyo vya nyumbani, na jiji hili lililipata gonjwa hilo mwaka 2014 na tena 2019. Chukua gapi wako watatu uwatie humo. Watakula viluwiluwi vyote, na kinyesi chao kitakuwa mbolea ya kwanza ya wagonjwa wako.

Tukirudi kwenye NPK. Ile ya dukani imetengenezwa kwa shamba, na naitrojeni yake kwa kawaida ni amonia au yurea. Katika maji ya joto kama yetu, hasa yenye pH (kipimo cha uchachu wa maji) iliyozidi 7, sehemu kubwa zaidi ya amonia inakuwa ile yenye sumu kwa samaki. Kijiko kimoja kwenye tangi la futi nne kinaweza kukuachia samaki wote chali asubuhi. DAP, nayo mbolea ya shamba, ndiyo usiisogeze kabisa. Na hata ungekuwa na mbolea sahihi, mmea usio na mizizi hauna mdomo wa kulia. Chakula kitaliwa na mwani. Subiri jani jipya la kwanza lifunguke, ndipo utie mbolea ya maji ya mimea ya tangini, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa wiki. Baada ya hapo majani yenyewe yatakuambia. Majani mapya yakitoka ya njano yenye mishipa ya kijani, kinachopungua ni chuma. Ya zamani yakiwa njano huku mapya ni mazima, ni naitrojeni. Yakitoboka vitundu vyenye ukingo wa njano, fikiria potasiamu.

Vikonokono. Vingi vinavyosafiri na mimea ya dukani havina madhara, vitakusaidia kula majani yaliyooza. Najua hofu yako ni kichocho, kwa sababu kweli konokono wa Biomphalaria na Bulinus ndio wanaokibeba hapa kwetu. Ila konokono haambukizwi na mama yake. Anaambukizwa na vijidudu vinavyotoka kwenye mkojo au choo cha mtu mgonjwa kilichoingia majini. Aliyeanguliwa ndani ya tangi lako hana njia ya kukipata. Wa kuogopa ni mmea uliookotwa bwawani au mtoni, nao sikushauri uuokote. Kwa sasa toa konokono kwa mkono, na geuza kila jani ukwangue vile vifuko vya mayai vinavyofanana na tone la jeli. Kuna wanaochovya mimea kwenye maji ya shabu. Inasaidia kwa mmea wenye nguvu, lakini kwa mgonjwa aliyeko hoi ni kumwongezea ugonjwa.

Baada ya siku saba hadi kumi utaona jani dogo limejikunja kama sigara katikati ya kitovu, na mizizi myeupe chini. Yakifika majani mapya mawili, rudisha tangini. Kata mrija wa pampu ya hewa wa kama mita moja, unganisha ncha zake mbili uwe pete inayoelea, uiweke mbali na mdomo wa filta, na mimea ikae ndani ya pete hiyo. Elekeza mdomo wa filta ukutani ili maji yasirukeruke. Kifuniko cha kioo kiache wazi vidole vinne upande mmoja. Gapi wako hawatatoroka kwa urahisi maji yakiwa yamepungua kidogo.

Muuzaji hajakuibia, lakini alifunga vibaya kama alitia maji ndani ya mfuko. Mimea hii isafiri kwenye boksi, imelazwa juu ya gazeti lenye unyevu tu, na nafasi ya hewa juu yake. Mwambie atume mwanzoni mwa wiki, kwa basi la usiku. Na kwa kuwa inavuka mpaka, muulize pia cheti cha afya ya mimea, na wewe huku uwe na kibali cha kuingiza kutoka TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Wengi wanakiruka, siku wakikamatwa mzigo unachomwa.

Hiyo iliyooza, na ile utakayoipunguza baadaye ikishajaa, usiitupe mtaroni. Anika juani ikauke kabisa, kisha ifukie kwenye bustani. Mitaro ya Tabata inaishia mto Msimbazi, na Ziwa Victoria linahangaika na magugumaji tangu miaka ya 1990 kwa mmea ambao nao ulipendwa kwanza kwa ajili ya maua yake.

Baada ya siku kumi nitumie picha. Ya kitovu tafadhali, si ya majani.