Kibali cha bastola cha jimbo usiloishi: Utah au Florida?

Mkuu, kwa maelezo yako unaishi Marekani kwa grini kadi, kibali cha kubeba bastola cha jimbo lako unacho, unasafiri sana kwa gari, na unauliza uongeze cha Utah au cha Florida. Yote mawili huwapa wasio wakazi. Lakini fomu iache kwanza. Chukua karatasi uandike kila jimbo utakalopita, maana thamani ya kibali hiki haiko kwa waliokitoa, iko kwa wanaokitambua.

Hapo ndipo watu wengi wanapotupa hela. Colorado na Michigan hutambua kibali cha nje pale tu mwenye nacho ni mkazi wa jimbo lililokitoa. Mkazi wa Minnesota akiingia Michigan na kibali cha Utah, ameshika karatasi tupu. Kinachomkinga ni kile cha Minnesota. New Jersey ndiyo kabisa, haitambui cha jimbo lolote, na kukutwa na bastola huko bila kibali chao ni kosa la daraja la pili, kifungo cha miaka 5 hadi 10. Kwako wewe si kifungo tu. Sheria ya uhamiaji inaruhusu mwenye grini kadi aondolewe nchini akitiwa hatiani kwa kosa la silaha, hata kama amekaa Marekani miaka 20. Raia akikosea ramani anatafuta wakili mmoja, wewe utatafuta wawili.

Utaambiwa pia kwamba Texas na Utah hazidai kibali tangu 2021, na Florida tangu 2023, kwa hiyo usijisumbue. Ni nusu ya ukweli. Sheria ya serikali kuu inakataza silaha ndani ya futi 1,000 za shule, karibu mita 300, na msamaha wa kibali humgusa mtu aliyepewa kibali na jimbo ambamo shule hiyo imo. Kibali cha jirani kinachotambuliwa tu hakitajwi. Mjini futi 1,000 ni kitu kidogo sana. Ukiendesha kutoka barabara kuu hadi kituo cha mafuta unaweza kupita shule mbili bila kuziona. Kwa maoni yangu, kwa jimbo unalokwenda mara kwa mara hii ndiyo sababu nzito kuliko zote ya kuchukua kibali chake, hata kama lenyewe halikidai.

Sasa chaguo lako. Utah hutoa kupitia Bureau of Criminal Identification, ofisi yake ya kumbukumbu za jinai, na kibali kinadumu miaka 5. Kozi unaweza kuisomea nje ya Utah, ila mkufunzi lazima awe ameidhinishwa na Utah, na cheti kisizidi mwaka mmoja siku unapoomba. Kama jimbo unaloishi linatambua kibali cha Utah, watadai nakala ya kibali cha nyumbani. Wewe unacho, kiambatanishe tangu mwanzo. Utah hawadai ufyatue risasi kwenye kozi.

Florida wanadai. Kibali chao cha miaka 7 hutolewa na wizara ya kilimo (ndiyo, kilimo, hujasoma vibaya), dola 97 pamoja na alama za vidole. Mkufunzi anathibitisha kwamba amekuona kwa macho yake ukishika na kufyatua bastola, ndiyo maana cheti cha kozi ya intaneti tupu kinagonga mwamba. Florida wanataka raia au mkazi wa kudumu, kwa hiyo mkimbizi ambaye bado hajapata grini kadi asipoteze ada yake. Mwenye viza ya muda, ya masomo, matembezi au hata ya kazi kama H-1B, sheria ya serikali kuu inamzuia kumiliki silaha, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni ya uwindaji. Bangi nayo ni kizuizi cha serikali kuu hata pale jimbo lilipoihalalisha.

Kinachorudisha maombi ya watu wetu mara nyingi ni vidole na majina. Wanaofanya kazi ya kutunza wagonjwa, wanaonawa mikono na kupaka sanitaiza kutwa nzima, alama zao hufifia. Paka losheni kila usiku kwa wiki moja kabla, ila siku yenyewe nenda na vidole vikavu na safi. Kama kituo kina mashine ya kidijitali, iombe badala ya wino. Zikikataliwa mara mbili kwa ubora, ofisi inaweza kuomba FBI wakuchunguze kwa jina.

Kuhusu majina: kama pasipoti ina matatu, leseni ya udereva mawili, na grini kadi imeyapanga kivingine, fomuni andika kama ilivyo kwenye leseni, na mengine yote uyajaze sehemu ya majina uliyowahi kutumia. Nafasi hiyo usiiache wazi. Nambari ya uhamiaji inayoanza na A inakiliwe tarakimu kwa tarakimu.

Majimbo yaliyobaki kwenye karatasi yako bila kibali chochote, pita kwa sheria ya serikali kuu ya kusafirisha silaha: bastola iwe halali unakotoka na unakokwenda, haina risasi, na yenyewe pamoja na risasi zake zisiwe karibu na mkono. Gari lisilo na buti lililotengwa, weka vyote kwenye sanduku lenye kufuli. Droo ya dashibodi haihesabiki, hata ikiwa na kufuli. Na usilale njiani New Jersey. Sheria hiyo inamlinda anayepita, na aliyepanga chumba cha hoteli atapata kazi kueleza kwamba bado anapita.