Utu na Confucius: pa kuombea udaktari

Mdogo wangu, umesema una shahada ya uzamili ya falsafa kutoka Dar, unataka kulinganisha utu na mafundisho ya Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, ila hujui pa kutafuta nafasi ya shahada ya udaktari (PhD). Anza na Chuo Kikuu cha Hawaii, Mānoa. Huko mikutano ya wanafalsafa wa Mashariki na Magharibi ilianza 1939, na jarida la Philosophy East and West linatoka tangu 1951. Ule ufadhili wa East-West Center, taasisi jirani yao, usikupotezee muda. Ufadhili huo unalenga watu wa Marekani, Asia na Pasifiki. Badala yake, ulizia kazi ya usaidizi wa kufundisha idarani.

Japani nayo ina ufadhili wa serikali, MEXT, unaoombwa ubalozini. Angalia kikomo cha umri kwanza.

Sasa lugha, yaani Kichina cha kale, na hapa ndipo wengi hukwama. Tafsiri peke yake haitoshi. Herufi ya ren, hilo neno la Confucius unalolinganisha na utu, imeundwa kwa alama ya mtu na alama ya mbili. (Mtu na mwenzake, eti!) Fan Chi, mwanafunzi wake Confucius, alipouliza ren ni nini, Confucius alijibu: kupenda watu. Kifungu hicho kimoja ukikichambua kwa kurasa kumi na tano, umepata sampuli ya uandishi ya kuambatisha kwenye maombi, nzuri kuliko hiyo sura yako inayotaka kuzimaliza Afrika na China kwa pumzi moja. Iandike kabla ya Oktoba. Maombi mengi ya Marekani hufungwa Desemba na Januari.