Shangazi, mwanangu haniongeleshi tangu siku ya dagaa

"Shikamoo Shangazi. Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mwanangu wa miaka 15, kidato cha pili, alirudi shuleni akasema haendi tena, wenzake wanamwambia ananuka dagaa. Nikamjibu, 'Harufu hiyohiyo ndiyo inayokununulia daftari.' Hii ni wiki ya tatu, kwangu ana 'shikamoo' na 'ndiyo' tu. Nikimuuliza kuna nini, 'hamna kitu.' Mjomba wake wa Geita anataka nimpeleke kwake akanyooshwe. Nifanyeje? Mama wa Kirumba."

Marahaba, mdogo wangu.

La Geita tulimalize kwanza: usimpeleke. Mtoto aliyekueleza linalomuuma, kisha akajikuta amepandishwa basi, hatakueleza lingine.

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikaona watu wawili waliochomwa na neno moja. Yeye alichomwa darasani. Wewe umechomwa naye, maana unaamka usiku kuwahi mitumbwi, halafu mtoto anakuja kukuambia kazi yako inanuka. Mimi pengine ningejibu vibaya zaidi. Lakini hakuja kuisema kazi yako. Alikuja kusema ameaibishwa, wewe ukamtajia bei ya daftari. Ulisema kweli tupu, ila hukumjibu alichosema.

Ndiyo maana "kuna nini?" haimfungui mdomo. Kilichopo alishakueleza, kikamrudia usoni. Sasa anza wewe: "Siku ile uliponiambia wanakucheka, nilikukatisha. Niliumia, nikakujibu kwa hasira zangu. Nisamehe. Nadhani uliona aibu sana mbele ya wenzako." Halafu nyamaza. Hapo ndipo wengi tunapoharibu: kimya kinatutisha, tunaongeza "lakini na wewe…", na hiyo "lakini" inaufuta msamaha wote. Akisema "hamna kitu", mjibu "sawa, nipo", na uwepo kweli.

Watakuambia mzazi hamwombi mtoto msamaha. Mimi wangu nimewaomba, na bado wananiamkia.

Usimkalishe kama kikao cha ukoo. Kijana wa umri huo huongea zaidi mkiwa bega kwa bega, hamtazamani machoni: mnamenya viazi, au mnatembea jioni kando ya ziwa hadi Jiwe la Bismarck. Kuanika dagaa hapana, jamani! Najua utasema muda huna. Msamaha usisubiri, ni maneno ya dakika moja. Matembezi yangoje mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala, nawe biashara inapungua. Siku hizo mpe yeye.

Akianza kusimulia, usikimbilie "wapuuze" wala "kesho nakuja kwa mwalimu mkuu". Mrudishie alichosema ili ajue kimefika: "Kwa hiyo wanakucheka hata mwalimu akiwepo?" Mwishoni muulize, "Wewe ungependa tufanyeje?" Huko si kumdekeza. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mtoto atoe maoni yake na asikilizwe kwenye mambo yanayomhusu. Huenda anataka uende shuleni, huenda hilo ndilo analoliogopa kuliko yote.

Kisha nami nina swali: sare yake inalala wapi? Kama inatundikwa chumba kimoja na magunia ya dagaa, tafuta ndoo yenye mfuniko, ikishakauka ikae humo. Ila hili lije baada ya kumsikiliza. Ukilitanguliza atasikia unakubaliana na wale wanaomcheka.

Jambo moja silifanyii mzaha. Akitamka kwamba amechoka kuishi, au akiacha kula na kulala, usingoje mwezi wala jua. Usimwache peke yake, mfikishe hospitali. Ipo pia namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Hata wewe mzazi unaweza kupiga.

Mbalamwezi ikipita, niandikie.