Ampu Iko Simuni, Lakini Sauti Hupotelea Njiani

Karibu kila mwanafunzi anayeanza gitaa la umeme hapa Nairobi huniuliza swali lile lile: nipakue programu gani ya simu ya kuiga ampu, yaani kikuza sauti cha gitaa? Pesa zote zimeishia kwenye gitaa, ampu hajaimudu, na hata angeimudu, anakaa bedsita ambayo jirani husikia kijiko kikigonga sufuria. Simu ndiyo jibu, nami nakubali. Lakini programu nitaigusia mwishoni kwa ufupi, maana wengi niliowaona wakikata tamaa hawakuangushwa na programu. Waliangushwa na njia ambayo sauti hupita kuingia simuni na kutoka.

Anza na mlango wa kuingilia. Pikapu ya gitaa, kile kinasa mtetemo kilicho chini ya nyuzi, hutoa mawimbi hafifu yenye ukinzani mkubwa, na tundu la maikrofoni la simu halikutengenezewa kazi hiyo. Ukichomeka gitaa kwa adapta ya kawaida, sauti hutoka kama imefunikwa blanketi. Unahitaji kiunganishi cha gitaa. Vile vya kupitia tundu la hedifoni, kama iRig ya kwanza ya mwaka 2010, vina shida moja: sauti inayotoka na inayoingia hupita tundu lile lile, ikivuja kidogo na umepandisha geini (nguvu ya sauti inayoingia), mluzi unaanza. Ukiweza, ngoja mwezi mmoja zaidi ununue intafesi ya USB, kisanduku cha kuingiza sauti simuni, yenye tundu la gitaa lililoandikwa Inst au Hi-Z. Simu ya Android huenda ikahitaji pia adapta ya OTG, inayoiwezesha kupokea vifaa vya USB.

Kisha kuna kuchelewa kwa sauti, na hapa nakuomba unisikilize vizuri. Hewani, sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kuchelewa kwa milisekunde 10 ni sawa na kusimama mita tatu na nusu kutoka kwenye spika. Hiyo vidole huizoea. Hedifoni za Bluetooth mara nyingi huchelewesha zaidi ya milisekunde 100, na hiyo hakuna anayeizoea. Nilikuwa na mwanafunzi aliyeshindwa kabisa kushika mwendo wa benga, muziki wa dansi wa Kenya, ule wa gitaa la solo kukimbizana na besi kama walivyofanya D.O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz. Wiki tatu alijilaumu kwamba hana sikio. Nilipompa hedifoni za waya, akaingia kwenye mwendo siku hiyo hiyo. Iliniuma, kwa sababu alikuwa karibu kuliuza gitaa.

Ndani ya programu tafuta mpangilio wa bafa, yaani kipande cha sauti ambacho simu hukusanya kabla ya kukitoa; kikiwa kidogo, kuchelewa hupungua. Sampuli 128 kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde ni chini ya milisekunde 3. Sauti ikianza kukatikakatika, panda hadi 256. Android ilipata njia ya haraka zaidi ya sauti kuanzia toleo la 8.0, mwaka 2017, kwa hiyo simu ya zamani kuliko hapo itakutesa.

Kuhusu sauti yenyewe, usizime kasha la spika la kuigiza lililo ndani ya programu. Spika ya gitaa ya inchi 12 hupunguza sana makali yaliyo juu ya takriban hertz 5,000, na programu huiga jambo hilo. Ukilizima kasha huku mkwaruzo wa sauti (distortion) umepanda, utasikia nyuki ndani ya mkebe. Geini nayo ishushe hadi nusu ya unavyotamani. Benga na nyimbo nyingi za kanisani hutaka ampu safi, na ampu safi itakuonyesha kosa la kila kidole.

Siku utakapoitwa kupiga kanisani, angalia kebo kabla ya ibada. Jumapili moja nilichomeka simu kwenye miksa kwa kebo ya stereo, jeki hadi jeki. Gitaa likatoweka, ikabaki riverbu tu, yaani ule mwangwi unaoongezwa na programu, kama mtu anayepiga ndani ya kisima. Tundu lile la miksa hutoa tofauti kati ya pande mbili za jeki. Kilicho sawa kulia na kushoto hufutana, na gitaa lenyewe liko sawa pande zote, riverbu haiko. Tumia kebo inayogawanyika kuwa jeki mbili za mono, kila moja na chaneli yake. Simu iwe kwenye hali ya ndege, betri imejaa, chaja imechomolewa, maana chaja nyingi huleta mvumo.

Sasa programu. Mwenye iPhone aanze na GarageBand, ni ya bure na ampu zake zinatosha. Baadaye ajaribu AmpliTube au BIAS FX. Wa Android aanze na Deplike. Chagua ampu moja safi, riverbu kidogo, ukae nayo mwezi mzima kabla ya kununua nyingine.