Maswali ya wasichana kuhusu usaili, mshahara na mimba

Kwenye usaili niliulizwa kama nina mpango wa kuolewa na kuzaa karibuni. Ningejibu nini?

Mdogo wangu, swali hilo halihusu kazi, na sidhani kama vijana wa kiume waliosailiwa siku hiyo waliulizwa. Jibu kwa utulivu: "Majukumu ya nafasi hii nimeyasoma na ninayamudu, pamoja na saa zake." Kisha rudisha mazungumzo kwenye ujuzi wako. Ukitakiwa kupima mimba ndipo upewe kazi, jua kwamba Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 2000, unazitaka nchi zilizouridhia zipige marufuku kipimo hicho, isipokuwa kwa kazi chache ambazo sheria imezitenga kwa usalama wa mama na mtoto.

Mwenzangu wa kiume anafanya kazi ileile lakini ananizidi mshahara. Nikiuliza nitaonekana mkorofi?

Wapo watakaokuona hivyo. Uliza hata hivyo. Malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa ni kanuni ya Mkataba Na. 100 wa ILO tangu 1951. Si fadhila ya bosi. Usianze kwa kumtaja mwenzako. Andika barua fupi ukiomba kujua vigezo vilivyotumika kupanga mshahara wako, ubaki na nakala. Kama kuna chama cha wafanyakazi, pita huko kwanza, maana barua ya watu kumi haimwachi mmoja peke yake mbele ya meneja.

Linaloniuma ni kwamba binti anayeanza kazi ndiye anayeachiwa mzigo wa kuthibitisha kuwa anapunjwa, ilhali orodha ya mishahara iko kwa mwajiri. Iceland waliugeuza mzigo huo: kwa sheria iliyoanza kutumika 2018, kampuni zenye wafanyakazi 25 au zaidi ndizo zinazotakiwa kuthibitisha kwamba hulipa bila ubaguzi. Umoja wa Ulaya nao, mwaka 2023, ulipitisha agizo linalomkataza mwajiri kumuuliza mwombaji kazi alikuwa analipwa kiasi gani. Hilo ni jambo kubwa. Aliyeanza na mshahara mdogo huburutwa nao kazi hadi kazi.

Niko kwenye mafunzo kazini, sina mkataba wa ajira. Msimamizi wangu ananishikashika. Nina haki gani?

Una haki, tena kamili. Mkataba Na. 190 wa ILO, wa 2019, unamlinda hata aliye mafunzoni na anayetafuta kazi. Tunza ujumbe wake wote, andika tarehe na waliokuwepo, na umwambie mtu unayemwamini leo. Malalamiko yapelekwe juu yake, kamwe si kwake.

Mimi ni mwajiri mdogo. Nikiajiri wasichana, likizo ya uzazi itanifilisi. Nifanyeje?

Hofu yako naielewa, ila dawa yake si kuwafungia mlango. Mkataba Na. 183, unaotaka likizo isiyopungua wiki 14, unaelekeza kwa jumla kwamba malipo yatoke kwenye bima ya jamii au mfuko wa umma, ili gharama isimwangukie mwajiri mmoja. Shirikiana na waajiri wenzako kuidai serikali iweke mfumo huo. Wakati huohuo wape kina baba nao likizo wanapopata mtoto, na uwahimize waichukue. Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi 2023, alionyesha kwamba pengo la mapato kati ya wanaume na wanawake hupanuka hasa baada ya mtoto wa kwanza; malezi yakiachwa kwa mama pekee, ofisini kwako pia litapanuka.