Kabla ya tingatinga kuna plasta

Mhariri, wiki hii mmeuliza: majengo ya kale ya serikali yabomolewe kupisha maghorofa, au yabaki? Yabaki, hata tofali moja lisiguswe. Ila tingatinga halinitishi kama ukarabati.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwashi. Mchana kutwa alijenga nyumba za watu, jioni akapitia mahakama ya zamani ya mji wetu huku mashariki kupapasa kuta. Aliipenda kifundi: baraza pana linalokinga mvua, matundu ya juu yanayotoa joto, kuta nene zisizopitisha jua la saa nane.

Mkandarasi mmoja akaupiga ukuta wa nyuma plasta ya saruji. Mvua za masika hazijaisha, plasta ikavimba. Matofali yale ni laini na yamejengwa kwa chokaa. Hunyonya maji na kuyatoa. Saruji huyafungia ndani, chumvi hujikusanya nyuma yake, uso wa tofali ukamomonyoka.

Baba ndiye aliyeitwa kuuponya. Aliibandua plasta kwa patasi na nyundo ndogo, akianzia juu. Ilipong'ang'ania hakuilazimisha, maana ingeng'oka na tofali. Viungo kati ya matofali akavikwangua kina cha inchi 1, akavisafisha kwa brashi. Chokaa ya kuchomwa alikuwa ameiloweka kwenye pipa miezi 3. Chokaa ndiyo hutiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye chokaa, kwani huchemka na kuruka machoni. Ndoo 1 ya chokaa hiyo, ndoo 3 za mchanga mkali wa mto uliooshwa, bila kuongeza maji: aliponda tu mpaka mchanganyiko ule ukanasa kwenye mwiko uliopinduliwa. Akalowesha ukuta, akashindilia, akafunika kwa magunia mabichi wiki nzima. Chokaa hushika polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa. Jua likiiwahi, inabaki unga. Vijana wake walitaka kuchanganya saruji kidogo ili iharakishe. Alikataa katakata. Mwisho akapaka chokaa nyepesi kama maziwa, mikono 5.

Kuta za mahakama zina ushahidi pia. Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, alichukuliwa na wanajeshi wa Amin katika Mahakama Kuu, Kampala, tarehe 21 Septemba 1972. Jengo likienda, kitabaki kibao.

Hata hivyo, makarani wa mahakama yetu wanarundika mafaili koridoni, na shahidi mwenye kiti cha magurudumu anabebwa ngazini. Kwa hao, siwezi kushikilia lile la hata tofali moja. Vyumba vya saruji vilivyoongezwa nyuma vibomolewe, zijengwe ofisi. Baba angenuna, lakini ndivyo ninavyoona. Jengo la mbele liendelee kusikiliza kesi, kwani lisilotumika huliwa na mchwa upesi. Na zabuni itaje chokaa kwa jina: fundi atengeneze kwanza mita 1 ya ukuta, mvua zipite, ndipo apewe uliobaki.