Jumla zangu zimegeuka sifuri

SWALI: Asalaam aleykum fundi. Mimi niko Chumbageni hapa Tanga, namsaidia mjomba angu ananunua machungwa Muheza anayapeleka Dar, nimemuandikia kiprogramu cha Java cha kutunza oda. Kila oda ni objekti ina jina la mteja, idadi, bei, jumla na koneksheni ya databezi. Mwanzo nikisevu kwenye faili inatema NotSerializableException, mshkaji akaniambia weka transient kwenye koneksheni, nikaweka, na kwenye jumla nikaweka pia maana si idadi mara bei tu, kosa likaisha. Sasa mjomba akifungua asubuhi jumla zote 0, na akigusa kitufe cha kusevu ni NullPointerException, ananiuliza mbele za watu hela zake zimeenda wapi!

JIBU: Waaleykum salaam mdogo wangu, pole, na mjomba mwambie hela zipo. Umeanza vizuri ila umeishia njiani.

Kuserialaizi, yaani kuigeuza objekti iwe data ya kulala kwenye faili, ni kama kuhama nyumba, kitanda unakifungua vipande unapakia kwenye Kenta, ukifika unakiunga, lakini bomba la maji hulibebi, unaunganishiwa jipya huko huko. Koneksheni ndo bomba, ndo maana Java iligoma. Na transient, kwa maneno ya kwenu Tanga, ni waja leo waondoka leo, fildi hiyo, yaani kipande hicho cha objekti kama jumla au bei, hailali kwenye faili. Objekti ikirudi inakuta namba ni 0, koneksheni ni null, yaani hakuna kitu, ndo maana ukisevu inatema NullPointerException.

Sasa hapa ndo wengi wanapigwa chenga: objekti ikisomwa kutoka kwenye faili, konstrakta ya klasi yako, ile kodi inayoiandaa objekti mpya, HAIITWI. Kwahiyo hata kama ile hesabu ya jumla umeiweka kwenye konstrakta, au umeandika thamani pale pale kwenye fildi, haifanyiki. Lazima uiambie mwenyewe wakati wa kusoma, ndani ya klasi Oda:

private void readObject(ObjectInputStream in)
    throws IOException, ClassNotFoundException {
  in.defaultReadObject();
  jumla = idadi * bei;
}

Mstari wa defaultReadObject unarudisha zile fildi za kawaida, usiusahau, na uanze huo kabla ya hesabu, la sivyo utazidisha sifuri kwa sifuri urudi kuniandikia tena. Halafu iwe private kama ilivyo hapo. Ukiweka public hakuna kosa litakalotokea, Java itaipita tu kama haijaiona na jumla itabaki 0, mimi hiyo ilinilaza macho usiku mzima. Pacha wake writeObject wewe huna shida nae leo, huyo ni wa siku unataka kuandika kitu cha ziada au kwa namna yako, na hapo utasoma kwa mpangilio ule ule uliouandika.

Koneksheni je? Unaweza kuifungua humo humo kwenye readObject lakini mi sikushauri, oda mia tatu zikisomwa utafungua koneksheni mia tatu, databezi itakukimbia. Na kusema kweli oda ya machungwa ina kazi gani na koneksheni? Itoe kabisa, ikae kwenye klasi inayosevu, oda ibaki na mambo ya oda.

Ila subiri, usiguse chochote kwanza! Ukibadilisha fildi, ile namba ya toleo ambayo Java inajikokotolea yenyewe inaweza kubadilika, na faili za zamani za mjomba zitagoma na InvalidClassException. Kwahiyo kabla ya yote kopi faili zake pembeni, halafu kwenye klasi ilivyo sasa hivi endesha amri serialver Oda, inakuja na Java yenyewe, itakupa mstari wa serialVersionUID, ndo ile namba ya toleo, wenye linamba refu, ubandike huo huo kwenye klasi. Usiandike 1L kama unavyoona kwenye mifano ya watu, hiyo ni ya anayeanza upya, wewe tayari una oda za watu ndani.